Kutoka mkuza wa reli hadi tasnifu: namna ya kuunganisha akiolojia ya miradi na utafiti wa wanafunzi kando ya Ziwa Victoria

Reli ya kisasa ya Mwanza–Isaka inapita Fela na Malampaka kuelekea Shinyanga. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025. Upande wa magharibi wa Ziwa, mkuza wa bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443, kutoka Hoima hadi Chongoleani mkoani Tanga, umekatiza Kagera na Geita. Ongeza migodi, barabara za lami, matangi ya maji na gati za vivuko, utaona ni ardhi kiasi gani inafukuliwa. Katika miradi mikubwa, kabla tingatinga halijashuka, mwanaakiolojia wa kulipwa anatakiwa apite kwanza. Hupewa siku za kuhesabika, hukusanya vigae na zana za mawe, huandika ripoti ya mteja, hulipwa. Maboksi yanabaki stoo.

Wakati huohuo, chuoni kuna mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayehangaika na mada ya tasnifu na hana hata nauli ya kwenda kuchimbua popote. Hawa wawili wanahitajiana, ila kwa kawaida hukutana kazi ikiwa imekwisha na chekeche zimesharudishwa kwa mwenyewe.

Msimamo wangu katika mwongozo huu ni kwamba mwanafunzi awemo kwenye hadidu za rejea (hati inayoeleza kazi itakayofanyika) na kwenye bajeti kabla jembe la kwanza halijagusa ardhi. Akija baadaye, anapokea mabaki ya maamuzi ya watu wengine. Bado kuna tasnifu nzuri zinazotoka kwenye mabaki, na nitaigusia njia hiyo, lakini asiyejua tofauti ya njia hizi mbili atapoteza mwaka.

Hatua ya kwanza: jua mradi umefika wapi

Akiolojia ya miradi huingia kwa kawaida kama sehemu ya Tathmini ya Athari kwa Mazingira, inayosimamiwa na NEMC, chombo cha serikali cha mazingira, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Mradi unaokopa kwa wafadhili wa kimataifa huongezewa masharti: Benki ya Dunia ina kiwango chake cha nane kuhusu urithi wa utamaduni, na IFC, tawi lake linalokopesha makampuni binafsi, nayo ina cha kwake, pia cha nane. Kazi huanza na kusoma ramani na maandiko ya zamani, hufuata kutembea juu ya ardhi, kisha mashimo ya majaribio. Eneo likionekana na uzito, hufanyika uchimbuaji wa uokoaji. Wakati wa ujenzi, mtu hukaa karibu na mitambo kutazama kinachofukuliwa.

Mlango bora wa mwanafunzi ni pale hadidu za rejea zinapoandikwa. Mlango wa pili ni kati ya mashimo ya majaribio na uokoaji, kwa sababu hapo bajeti hufunguliwa tena na kila mtu tayari anajua kuna nini chini. Mlango wa tatu ni stoo.

Usiudharau huo wa tatu. Uingereza ilipoanza kudai mwenye mradi alipie akiolojia, mwaka 1990, makampuni yalichimbua sana, na ripoti zikajaa kwenye makabati ambayo wahadhiri wengi hawakuwa wakiyafungua. Ilibidi waje watafiti wa kuyasoma upya makabati hayo ndipo picha ya vijiji na mashamba ya kale ikabadilika. Kituo cha York kinachohifadhi data za akiolojia kwa njia ya kidijitali, kilichoanza 1996, kimesaidia mno. Kwetu mambo yamekaa tofauti kidogo. Wataalamu ni wachache, kwa hiyo mara nyingi mshauri elekezi wa mradi ni mhadhiri yuleyule anayekufundisha Jumatatu. Hilo linarahisisha mawasiliano na linazaa tatizo lingine, ambalo nitalifikia kwenye makubaliano.

Hatua ya pili: swali linaloingia shimoni

Hapa ndipo pa kutulia, maana wengi hukosea hapa. Swali la mwanafunzi linatakiwa libadilishe kitu kidogo katika namna kazi inavyofanyika, bila kumchelewesha mkandarasi. "Historia ya Wasukuma" si swali la tasnifu. "Nitachambua vigae vilivyopatikana" nalo bado halijawa swali, hiyo ni orodha ya mizigo.

Chukua mfano wa samaki. Kando ya Ziwa waliishi wavuvi na wawindaji waliotumia vyungu tunavyoviita Kansyore, jina la kisiwa kidogo cha Mto Kagera upande wa Uganda. Vigae vya aina hiyo vimo kwenye mapango ya miamba ya Nyang'oma na Chole, katika uchunguzi wa Mkoa wa Mwanza ambao watafiti Soper na Golden waliuchapisha 1969. Baadaye, yapata miaka 2,500 iliyopita, vinatokea vyungu vya Urewe pamoja na uyeyushaji wa chuma, jambo linalofahamika vizuri zaidi upande wa Kagera kutokana na kazi ya mwanaakiolojia Peter Schmidt huko Katuruka. Swali linajitokeza lenyewe: wenye vyungu vya Urewe, wakiwa na mashamba na chuma, waliendelea kula samaki walewale?

Sasa angalia chekeche. Timu yenye haraka hutumia wavu wa milimita 5, maana udongo unapita upesi. Meno ya kamongo na fuvu la kambare yatabaki juu. Furu na dagaa watapita wote chini na kurudi kwenye kifusi. Ripoti itasema wakazi walikula kamongo na kambare, na kwa hakika itakuwa imeeleza tabia ya chekeche. Mwanafunzi akija miezi sita baadaye na swali lake la samaki, hakuna tena cha kufanya.

Dawa yake si kuchekecha udongo wote kwa wavu mwembamba, jambo ambalo hakuna mteja atakayelikubali. Omba ndoo moja ya lita 10 kutoka kila tabaka, iwekewe kibandiko, ichekechwe kwa maji kwenye wavu wa milimita 1 au 2, ikaushwe kivulini, na wewe ndiye uichambue kwa kibano jioni. Gharama kwa mradi ni wavu mmoja, madumu ya maji na mifuko. Gharama kubwa, yaani muda, ni yako. Kwa malipo hayo kampuni inapata sura ya ziada kwenye ripoti, na wewe unapata data ambazo hakuna mwingine aliye nazo.

Kabla ya kwenda, jitengenezee mifupa ya kulinganishia. Nenda soko la Mwaloni, Kirumba, asubuhi na mapema, nunua vichwa na miiba ya samaki wa kila aina utakaowapata: kambare, kamongo, ningu, gogogo, furu, sato, sangara. Chemsha, safisha, kausha, andika jina na urefu wa samaki kwenye kila mfuko. Wataalamu wa TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, hapa Mwanza ni wa kuendewa pale usipokuwa na hakika na jina. Sangara weka pembeni, ana kazi maalumu. Alipandikizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, kwa hiyo mfupa wake ukitokea ndani ya tabaka lenye vigae vya kale, unajua tabaka hilo limevurugwa, iwe na panya au na shimo la taka la jana. Sato wa kisasa naye aliletwa wakati huohuo, ila mifupa yake inafanana mno na ya ngege wa asili, kwa hiyo usimtumie kama shahidi.

Mfano wa pili ni mavi ya chuma, yaani taka zinazobaki chuma kikiyeyushwa. Mradi ukikuta rundo lake utapima kilo, utapiga picha, na utabaki na vipande vichache. Mwanafunzi wa teknolojia ya chuma anahitaji zaidi ya hapo: vipande vyenye alama za mimea iliyojazwa chini ya tanuri, vipande vya bomba za udongo za mvukuto, na udongo wa ukuta wa tanuri. Akivitaja mapema kwa maandishi, vitawekwa. Asipovitaja, vitajaza mashimo ya barabara ya kuingilia kambini.

Hatua ya tatu: pima uzito wa swali kwa shahada yako

Shahada ya kwanza: aina moja ya vitu kutoka mradi mmoja. Uzamili: linganisha miradi miwili mitatu, hapo ripoti za zamani zina thamani kubwa. Uzamivu usiutundike kwenye mkataba mmoja wa kampuni, maana mradi ukisimama kwa sababu za fedha, na masomo yako yamesimama.

Hatua ya nne: makubaliano ya maandishi

Hati moja, kurasa mbili au tatu, yenye sahihi za pande tatu: kampuni au mshauri elekezi, idara ya chuo, na mwanafunzi. Mteja, yaani mwenye reli au mgodi, si lazima asaini, lakini ridhaa yake iwe kwa maandishi. Mteja ana hofu mbili na ukizielewa utazungumza naye vizuri. Anaogopa kuchelewa, na anaogopa habari za njia ya mradi na fidia kuvuja kabla ya wakati. Mwahidi kwa maandishi kwamba hutachapisha ramani ya mkuza wala majina ya wenye mashamba, na kwamba sampuli zako hazitaongeza siku kwenye ratiba. Ukishasema hayo mawili, mengine yanalainika.

Ndani ya hati kiandikwe kwa majina na vipimo kile utakachochukua: ndoo ngapi za udongo, kutoka matabaka yapi, vigae vya aina gani. Kiandikwe pia data zinakuwa huru lini. Mimi hupendekeza miezi sita baada ya ripoti ya mradi kuwasilishwa, na kwamba mtihani wa tasnifu usicheleweshwe na siri ya mteja kwa vyovyote; kama kuna sura nyeti, isomwe na watahini tu. Vitu vyenyewe havigawanywi. Ni mali ya taifa, na hati iseme vinahifadhiwa wapi vikiwa mikononi mwako na vinarudishwa lini.

Sasa lile tatizo. Mhadhiri akiwa ndiye mshauri elekezi, ana kishawishi cha kumtumia mwanafunzi kama kibarua asiye na malipo huku akimwambia "unajifunza". Mafunzo kwa vitendo ni halali, lakini kuna mstari. Mwanafunzi akifanya kazi ambayo bajeti imetenga mshahara wa fundi, alipwe kama fundi. Akifanya utafiti wake, apewe chakula, malazi, usafiri na posho ya kujikimu. Halafu msimamizi wa tasnifu awe mtu mwingine, au angalau mtahini wa ndani asiwe na senti kwenye mradi huo. Idara isiyotaka kuliandika hili iachwe itafakari kwanza.

Kiongezwe kifungu kimoja ambacho watu husahau: mradi ukikatishwa, mwanafunzi ana haki ya kutumia kilichokwisha kukusanywa.

Hatua ya tano: vibali

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyorekebishwa 1979, inakataza kuchimbua bila leseni, na leseni ya kampuni haikufuniki wewe kwa kuwa tu umepanda gari lao. Omba jina lako na mada yako vitajwe kwenye maombi ya leseni yanayokwenda Idara ya Malikale, au kampuni iombe nyongeza kwa barua. Upande wa utafiti, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hutoa kibali kwa wanafunzi wake kwa niaba ya COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Mwanafunzi wa kigeni aende COSTECH mwenyewe. Kibali hicho kinafuata ngazi zake: ofisi ya Katibu Tawala wa Mkoa, Katibu Tawala wa Wilaya, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji. Kila ofisi ibaki na nakala yenye mhuri.

Sampuli za kwenda maabara nje ya nchi zina kibali chake cha pekee. Kiombe mapema, usingoje mpaka mkaa umeshafungashwa.

Hatua ya sita: kijijini

Mradi mkubwa umeshapita hapo na watu wa fidia, kwa hiyo mwenyeji akikuona na kizibao cha rangi ya chungwa anakuhesabu kuwa mmoja wao. Jitambulishe upya. Mara nyingi mazungumzo huenda hivi:

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Na ninyi mnatafuta mali ya Mjerumani?"

"Hapana babu, tunatafuta vyungu vilivyovunjika."

Atacheka, na kama hujamkimbiza atakuonyesha pa kuvipata. Lakini swali lake si la mzaha. Imani kwamba Wajerumani walifukia dhahabu chini ya miamba imeharibu maeneo mengi, na ndiyo sababu mahali halisi pa pango lenye michoro au vigae pasichapishwe kwenye tasnifu. Taja kata, inatosha. Mahali halisi paende Idara ya Malikale.

Mwanafunzi anayesema Kisukuma, Kikerewe au Kihaya ana mtaji ambao kampuni haina. Bibi aliyefinyanga vyungu miaka mingi atakusomea mgongo wa kigae kwa kidole na kukueleza kilitengenezwaje, ila hatafanya hivyo kwa mkalimani mwenye haraka. Tenga muda wa wazee kwenye ratiba kama unavyotenga muda wa shimo.

Makaburi usiguse. Kuyahamisha kuna sheria yake, ya mwaka 1969, na kuna familia. Mifupa ya binadamu ikitokea, kazi isimame, mwenyekiti wa kijiji na msimamizi waitwe. Na usimwahidi mtu fidia, hata kwa kumfariji.

Hatua ya saba: kazini

Weka madaftari mawili. La mradi linabaki mradini. Lako lina namba zilezile za matabaka na mifuko, ili miaka mitano baadaye mtu aweze kuunganisha tasnifu yako na boksi. Kubuni mfumo wako wa namba ni kosa linaloua matumizi yote ya baadaye.

Ramani za zamani za vipimo vya 1:50,000 zimechorwa kwa mfumo wa kupima mahali uitwao Arc 1960, wakati GPS yako, isipobadilishwa, inasoma mfumo mwingine, WGS84. Tofauti ni karibu mita 300. Pango zima linaweza kuhamia bondeni kwa kosa hilo. Andika mfumo kwenye kila ukurasa, pamoja na kanda ya ramani, yaani 36 Kusini.

Usichekeche kwa maji ukiwa umesimama ziwani. Kichocho kimejaa ufukweni, na kuna sehemu za viboko na mamba. Chota maji, yaache yatulie, tumia beseni nchi kavu, vaa mabuti na glavu. Mkandarasi atakudai kofia ngumu na viatu vya usalama; mdai na wewe bima ya ajali yenye jina lako. Usishuke kwenye mtaro mrefu usioshikiliwa kingo zake, hata bosi akishuka.

Mkaa wa kupima umri ushikwe kwa kibano, ukaushwe, ufungwe kwenye foili. Mbegu iliyoungua ni bora kuliko kipande cha gogo, kwa sababu mti mkubwa unaweza kuwa na umri wa karne moja zaidi ya moto uliouchoma.

Hatua ya nane: umri na maabara

Bajeti ya vipimo vya kaboni, yaani vya kupima umri wa mkaa na mbegu, iingizwe kwenye mkataba wa mradi, kwani mwanafunzi hawezi kuilipia. Kwa Urewe kuna mtego unaofaa kujulikana mapema. Kati ya takriban mwaka 800 na 400 KK, mkondo wa kusahihishia umri wa kaboni, yaani mchoro wa kugeuza kipimo kuwa miaka ya kalenda, umelala bapa, kwa hiyo kipimo kimoja kinaweza kuangukia popote ndani ya karne nne. Ukipewa pesa ya vipimo vitatu, usivitawanye maeneo matatu. Viweke kwenye matabaka yanayofuatana ya shimo moja, ili mpangilio wa matabaka usaidie kubana majibu.

Hatua ya tisa: ripoti, tasnifu na makabidhiano

Ripoti ya mradi inajibu kama ujenzi uendelee na kwa masharti gani. Tasnifu inajibu swali lako. Usinakili sura za ripoti. Zitaje kwa namba na mwaka kama ungetaja kitabu, na kiambatisho chako cha hesabu kikabidhiwe pia kama faili la jedwali, maana jedwali lililochapwa kwenye karatasi hakuna atakayelicharaza tena.

Maboksi yarudi yakiwa na orodha mbili, moja ndani na moja nje, na fomu ya makabidhiano isainiwe na mpokeaji. Nakala za tasnifu ziende idarani, kwa kampuni, Idara ya Malikale na kwa ofisa utamaduni wa wilaya. Kijijini peleka kurasa mbili za Kiswahili zenye picha, uziache ofisi ya mtendaji na shule ya msingi iliyo karibu. Ukipata nafasi kwenye mkutano wa kijiji, omba dakika kumi, na uende na kigae kimoja cha kupitisha mikononi, kwa idhini, ukihesabu kimerudi.